Tableti Mpya Imefika? Ile ya Zamani Usiiuze Bado

Umeweka akiba kidogo kidogo na sasa uko tayari kununua tableti mpya. Ile ya zamani inakwama kila saa, betri haifiki adhuhuri, na programu nyingine zimeanza kuikataa. Hilo la mwisho si bahati mbaya. WhatsApp, kwa mfano, haifanyi kazi tena kwenye Android 4.4 na matoleo ya nyuma yake. Lakini kama tableti hiyo ndiyo unayopokelea malipo dukani, lazima ujiulize: pesa zangu je?

Jibu ni fupi: pesa haziko ndani ya tableti. Ziko kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa nambari yako. Hata tableti ikitumbukia baharini pale kivukoni Likoni, salio lako liko palepale. Kinachokaa ndani ya tableti ni funguo tu: laini, programu uliyoingia, jumbe za malipo na barua pepe yako. Ukiuza tableti na funguo zikiwa ndani, umemwachia mtu mlango wazi. Kwa hivyo shika kanuni hii: mpya iwake kwanza, ya zamani ifutwe mwisho.

1. Kabla ya kulipa

Uliza kama tableti ina nafasi ya laini. Nyingi za bei nafuu ni za Waifai pekee, na menyu ya pesa ya kubonyeza nyota na reli haitafunguka humo. Mwenye kibanda Kongowea akinunua ya Waifai pekee, atabaki akihitaji simu pembeni.

Kama ni ya mkono wa pili, mwambie muuzaji aifute mbele yako, kisha uiwashe hadi ufike kwenye skrini ya kawaida. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa kwanza na muuzaji hawezi kuiondoa, achana nayo. Uliza pia kama ilichukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, kwa sababu deni likibaki, kampuni inaweza kuifunga ikiwa mikononi mwako. Kwa tableti yenye laini, bonyeza *#06# na ulinganishe nambari inayotokea na ile ya kwenye boksi.

Wakati wa kulipa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kama si jina la duka wala la muuzaji, simama kwanza uulize. Risiti na ujumbe wa malipo, usivifute.

2. Hamisha laini

Laini ya tableti ya zamani huenda ikawa kubwa kuliko nafasi ya ile mpya. Usikubali ikatwe kwa makasi. Nenda na kitambulisho chako hadi duka la huduma la mtandao wako, upewe kadi mpya yenye nambari ileile. Salio halipotei, ila huduma inaweza kukatika kwa muda, basi usifanye kazi hii siku ya mzigo. Na hakuna mhudumu wa kweli atakayekuuliza nambari ya siri. Akiuliza, ondoka.

3. Ingia kwenye programu

Pakua programu ya pesa kutoka duka rasmi la programu, si kutoka kiungo ulichotumiwa na mtu. Ingia, angalia salio, kisha tuma kiasi kidogo kwa mtu wa nyumbani. Kama una nambari ya till, mwombe mteja mmoja unayemjua alipe na uone malipo yakiingia. Usihifadhi nambari ya siri kwenye daftari la tableti, hata kama watoto ndio wanaoitumia jioni kwa kazi ya shule. Hasa kama watoto wanaitumia!

Kaa na tableti zote mbili siku mbili tatu. Ukiona hesabu za duka, picha na namba za wateja zimehamia zote, sasa endelea.

4. Futa ile ya zamani

Fuata mpangilio huu:
- Toka kwenye programu za pesa na za benki.
- Ondoa akaunti yako ya Google kwenye mipangilio. Ukiruka hatua hii, tangu Android 5.1 tableti inaweza kumfungia mnunuzi nje, naye atarudi mlangoni kwako.
- Toa laini na kadi ya kumbukumbu.
- Futa data yote kupitia mipangilio.

Kwa iPad, zima kwanza huduma ya kutafuta kifaa, kisha ufute.

5. Ukiiuza

Mnunuzi akisema "nimeshatuma", usiamini ujumbe aliokuonyesha kwenye simu yake, wala ule ulioingia kwako kutoka nambari usiyoijua. Fungua akaunti yako mwenyewe uangalie salio. Kutaneni mahali penye watu, muandikiane karatasi fupi yenye majina, tarehe na nambari ya kifaa. Kama ana haraka ya kuwahi feri, mwache apande. Feri nyingine itakuja, lakini tableti ikishavuka kabla pesa hazijaingia, kuirudisha ni kazi.