Usipige Windows Kabla Hujafungua Kivinjari

"Fundi, piga Windows, mashine imekuwa nzito." Wateja wangu wengi hapa Morogoro huja na dawa yao tayari. Wengine ni wenye stesheneri, wale wanaowajazia wanafunzi fomu za mkopo na kuwatumia vijana maombi ya kazi mtandaoni. Foleni iko mlangoni, kompyuta imeganda, na wao wako tayari kulipia kuwekewa Windows upya, kazi ambayo mara nyingi haihitajiki.

Mimi huanza na kivinjari. Hapo hukuta vichupo vimebanana hadi majina hayasomeki: barua pepe, WhatsApp, YouTube inayopiga muziki tangu asubuhi, na tovuti ileile ya mikopo imefunguliwa kwa kila mteja aliyepita. Mashine yenyewe ina RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4, na Windows imeshachukua sehemu kubwa ya hiyo. RAM ikijaa, Windows huhamishia baadhi ya kazi kwenye diski, na diski ya zamani, ile inayozunguka, ni ya taratibu mno kulinganisha na RAM. Taa ya diski haizimi, mshale haufuati mkono. Windows mpya haiongezi RAM hata chembe.

Sikilaumu kivinjari kwa kula RAM. Chrome ilipotoka Septemba 2008, ilitenganisha kurasa ili moja ikianguka isiziangushe nyingine. Kisha Januari 2018 zikatangazwa kasoro za prosesa zilizoitwa Spectre na Meltdown, zilizoweza kuipa tovuti mbaya mwanya wa kuchungulia siri za tovuti nyingine. Mwaka huohuo Chrome ikaanza kuitenga kila tovuti peke yake, na Google wenyewe wakasema ulinzi huo unaongeza matumizi ya RAM kwa asilimia 10 hadi 13 hivi. Kwa mtu anayefungua akaunti yake ya benki kwenye kompyuta hiyohiyo, naona ni gharama ya haki.

Sasa fanya hivi. Ukiwa ndani ya Chrome au Edge kwenye Windows, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea orodha ya kila kichupo na kiasi cha RAM kinachotumia. Gusa kichwa cha safu ya kumbukumbu ili walaji wakubwa wapande juu. Utakuta pia viendelezi, vile viprogramu vya nyongeza vilivyowekwa siku moja na kusahaulika; usichokitumia, kiondoe. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya utendaji, uwashe kiokoa kumbukumbu. Chrome ilikileta mwishoni mwa 2022, na Edge ilikuwa na chake, cha kulaza vichupo, tangu 2021. Kichupo usichokigusa hulala na kuachia RAM. Ila kwenye Chrome ukikirudia hujipakia upya, na hilo hula bando, kwa hiyo tovuti unayoifanyia kazi kutwa iweke kwenye orodha ya zile zisizolazwa. Kwenye Chrome, zima pia ruhusa ya programu kuendelea kufanya kazi baada ya kufunga kivinjari. Iko sehemu ya mfumo.

Kufuta historia na akiba ya kurasa hakusaidii hapa. Vitu hivyo vinakaa kwenye diski, si kwenye RAM, na ukifuta akiba, kurasa zitapakuliwa upya kwa bando lako. Programu zinazojinadi kusafisha RAM nazo ziache. Zenyewe zinakaa humohumo kwenye RAM.

Ukifanya haya yote na mashine bado inaburura miguu, ndipo ununue. Anza na RAM, kutoka GB 4 hadi 8 kama mashine inaruhusu, na ukiweza badilisha diski inayozunguka uweke SSD. Nenda dukani na RAM ya zamani mkononi, kwa sababu DDR3 haiingii mahali pa DDR4.