Mionzi Inapoyatoa Mafuta Gesi

Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Piqua, jimbo la Ohio nchini Marekani, kiliwashwa kinu cha nyuklia cha aina ya pekee. Hakikupozwa kwa maji bali kwa terfenili, kimiminika jamii ya mafuta kinachostahimili joto kali bila kuhitaji shinikizo kubwa, tena hakitii mabomba kutu. Tatizo lilikuwa moja: ndani ya kinu mafuta hayo yalioga mionzi mchana na usiku, na mionzi huyavunja mafuta.

Mionzi ya gama ikipenya kwenye mafuta hung'oa elektroni za molekuli, au huzijaza molekuli nishati zisiyoweza kuibeba. Molekuli iliyoelemewa huachia atomi ya haidrojeni. Atomi hiyo haitulii. Hunyakua nyingine kutoka kwa molekuli jirani, na zikiungana huwa gesi. Molekuli nyingine huitoa gesi moja kwa moja. Mabaki yenye kaboni nayo hushikana, na mafuta huanza kuwa mazito.

Kiasi cha gesi hutegemea umbo la molekuli. Kilo moja ya sikloheksani ikifyonza kilogrei 1 (kizio cha mionzi inayofyonzwa) hutoa takriban mililita 14 za haidrojeni. Benzeni, kwa kipimo kile kile, hutoa karibu mililita 0.1 tu!

Zote mbili zina kaboni sita zilizojipanga duara. Ila kwenye benzeni baadhi ya elektroni ni mali ya duara zima, hivyo nishati husambaa kama mzigo uliobebwa na wengi, na kifungo cha haidrojeni husalimika. Hata benzeni kidogo ikichanganywa na sikloheksani huipunguzia jirani yake madhara.

Ndiyo maana wahandisi walichagua terfenili, yenye pete tatu za benzeni. Hata hivyo, kinu cha Piqua kilizimwa mwaka 1966 baada ya mabaki mazito kuganda ndani yake. Kinu cha WR-1 huko Manitoba, Kanada, kilichopozwa kwa mafuta ya jamii hiyo, kilidumu kuanzia 1965 hadi 1985.

Leo suala hili liko zaidi kwenye viwanda vya kuchakata fueli ya nyuklia iliyotumika, kama La Hague nchini Ufaransa. Huko urani na plutoni hutenganishwa kwa kimiminika kilichozimuliwa kwa mafuta yasiyo na pete za benzeni, ambayo hutoa haidrojeni kwa wingi zaidi. Gesi hiyo huweza kushika moto ikifikia asilimia 4 ya hewa, kwa hiyo matangi hupitishiwa hewa muda wote ili isifike hapo.