Valvu za redio: mali haiongezeki, bei zinafuata muziki

Biashara ya valvu za redio za zamani inaendeshwa kwa mali ambayo sehemu kubwa yake haitengenezwi tena. Viwanda vya Uingereza, Uholanzi, Ujerumani na Marekani vilivyojaza masoko ya dunia vilipunguza mitambo yao hatua kwa hatua baada ya transista, iliyobuniwa 1947, kuanza kuuzwa ndani ya redio za mkononi mwaka 1954. Kinachozunguka sokoni leo ni mabaki: maboksi yaliyolala miaka mingi kwenye stoo za mafundi, akiba za majeshi zilizopigwa mnada, na valvu zilizochomolewa kwenye redio mbovu. Pamoja nazo huuzwa vitabu vya mafundi, na mara nyingi vitabu hivyo ndivyo huamua kama boksi la valvu ni mali au ni takataka.

Wenye redio hawapangi bei. Wanaopanga ni wapiga gitaa na wapenzi wa vikuza sauti vya nyumbani, ambao macho yao yako kwenye aina chache tu: ECC83, EL84, EL34, 6L6, na juu ya zote 300B, iliyotoka miaka ya 1930. Aina hizo bado zinatengenezwa, hasa Saratov nchini Urusi, Čadca nchini Slovakia na katika miji kadhaa ya China. Ilitarajiwa valvu mpya zishushe bei ya zile kuukuu. Haikuwa hivyo, kwa sababu wanunuzi wengi wanaamini kioo cha miaka ya 1950 kina sauti bora, na imani hiyo inalipiwa mara kadhaa ya bei ya valvu mpya. Urusi ilipozuia usafirishaji wa bidhaa nyingi Machi 2022, rafu za wauzaji wa Ulaya na Marekani zilipungua haraka, na hata valvu zilizokwishalala stoo nusu karne zikapandishwa bei. Waagizaji waliwatuliza wateja kwamba mzigo ungerejea. Mzigo ulirejea, lakini bei hazikushuka kwa kasi ile zilivyopanda.

Upande wa redio zenyewe hesabu ni nyingine. DK96 ya redio za betri, yenye uzi wa volti 1.4, haina mpiga gitaa wa kuigombea, kwa hiyo bado hupatikana kwa bei ya chini. Valvu za jicho, zinazong'aa kijani kuonyesha kwamba kituo kimekamatwa sawasawa, ziko mwisho mwingine wa soko. Unga wake wa kijani hufifia kadiri redio inavyotumika, na hakuna namna ya kuurudisha ukawa kama mwanzo. EM34 yenye jicho angavu inaweza kuuzwa ghali kuliko redio nzima inayoihitaji.

Tatizo kubwa la biashara hii ni neno "mpya". Muuzaji husema valvu haijatumika, na mnunuzi hana njia rahisi ya kupinga. Jina la kiwanda limeandikwa kwa rangi ambayo kwa aina nyingi hufutika kwa kidole, na lililofutika linaweza kuandikwa upya kwa jina la bei kubwa zaidi. Mjuzi haangalii rangi hiyo. Anainamisha kioo kwenye mwanga na kutafuta karibu na pini maandishi hafifu ya kijivu yaliyochomwa kwenye kioo chenyewe. Kwa valvu za Blackburn, Uingereza, mstari wa pili ukisomeka B7C2, maana yake ni kiwanda cha Blackburn, mwaka unaoishia na 7, mwezi wa tatu, wiki ya pili. Za Heerlen, Uholanzi, huanza na alama ya pembetatu. Muongo hautajwi: 7 inaweza kuwa 1957 au 1967, na tofauti hiyo peke yake ni pesa nyingi. Mara nyingi umbo la vipande vya ndani ndilo humaliza ubishi. Doa la fedha kwenye kioo nalo huchunguzwa, kwani likigeuka jeupe hewa imeingia na valvu imekufa.

Muuzaji mmoja wa Uingereza, aliyeomba asitajwe, hana hofu na walaghai kama aliyo nayo kwa wateja. Malalamiko yake ni kwamba mnunuzi hupokea jozi ya EL34 nzuri, huisikiliza wiki mbili, kisha hurudisha jozi nyingine iliyochoka akidai hiyo ndiyo aliyotumiwa. Sheria za kumlinda mlaji, kwa maoni yake, zimeandikwa kwa ajili ya viatu na si kwa kitu kinacholika kila kikiwashwa. Siku hizi anaweka alama ndogo kwenye kila kitako, anapiga picha msimbo wa kioo na kuandika vipimo kwenye boksi. Lakini muda wa kufanya hayo, anasema, hauwezi kuingizwa kwenye bei ya valvu ndogo ya redio, ndiyo maana ameacha kuziuza mojamoja. Anaziuza kwa kilo, kwa jumla, kwa yeyote atakayekuja na gari. Kwa maneno mengine, mwenye redio anakosa valvu yake ya bei ndogo kwa sababu ya ugomvi wa watu wa muziki.

Vipimo vyenyewe havimalizi mashaka. Mwongozo unasema ECC83 ikipewa volti 250 na gridi ya hasi 2 ipitishe miliampia 1.2. Mashine nyingi za kupimia za bei nafuu hazipimi hivyo. Hupima tu kama kathodi bado inatoa elektroni, kisha sindano husimama kwenye rangi ya kijani. Tangazo linalosema "imepimwa, asilimia 100" bila kutaja mashine wala volti halimwambii mnunuzi chochote cha kutegemea.

Takwimu rasmi hazisaidii zaidi. Forodha za nchi nyingi huweka valvu hizi kwenye namba 8540, inayobeba pia magnetroni za majiko ya maikrowevu na vioo vya televisheni za zamani. Kijifungu cha 8540.81 ni cha valvu za kupokea na kukuza, lakini hakitenganishi iliyotoka kiwandani jana na iliyokaa stoo tangu 1960. Vifurushi vidogo kati ya mtu na mtu mara nyingi haviingii kwenye hesabu hiyo kikamilifu. Anayesema soko hili linakua au linakufa kwa kutegemea jedwali la forodha anapaswa kusikilizwa kwa tahadhari.

Katika mashaka hayo ya vipimo ndipo vitabu vinapopata thamani. Mashine bora ya kupimia bila kitabu chake cha mipangilio ni sanduku zito lenye swichi nyingi, kwani kila aina ya valvu ina mpangilio wake. Warithi wa fundi aliyefariki mara nyingi huuza mashine kwa mmoja na kitabu kwa mwingine, na vyote viwili hupoteza kazi. Nakala za kompyuta zimeshusha bei ya miongozo ya kawaida. Hata mfululizo wa Marekani wa juzuu 23 ulioanza mapema miaka ya 1930, na mwongozo wa Australia wa karibu kurasa 1,500 wa miaka ya 1950, husomwa leo kwenye skrini. Kilichobaki na bei ni karatasi kubwa za kukunjua zenye michoro ya saketi. Mashine za kunakili huzikata pembeni, na pembeni ndipo penye thamani ya kapasita inayotafutwa. Kuzichana vitabuni ili ziuzwe mojamoja, kama wafanyavyo baadhi ya wauzaji, ni hasara isiyofidika.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika mabaki haya. Nairobi ilianza kutangaza 1928 na Dar es Salaam 1951, zote kabla ya redio za transista, na wasikilizaji wa kwanza walitumia redio za mbao za valvu kutoka Ulaya. Nyingi ya zilizobaki zimekuwa pambo la sebuleni. Karatasi ya ndani ya kifuniko, inayoonyesha kila valvu inakaa wapi, ikishabanduka, fundi hubaki anabahatisha, maana valvu ya pini nane huingia kwenye soketi yoyote ya muundo uleule hata kama si yake.

Wauzaji wanatabiri bei za valvu za muziki zitaendelea kupanda. Huenda ni kweli, ingawa wanaosema hivyo ndio wenye maboksi. Kwa valvu za redio dalili ni mbaya zaidi: zinazouzwa kwa kilo hazihifadhiwi, na wanaojua kuzisoma wanapungua. Ahueni inayotajwa, kwamba viwanda vilivyobaki vitafufua aina za redio, bado haijaonekana kwenye orodha zao za kawaida, na wingi wa oda unaohitajika kuwasha mtambo kwa ajili ya DK96 au jicho la kijani hautarajiwi kutoka kwa wakusanyaji peke yao.