Besi ya Zamani na Bei Yake

Gitaa la besi la Fender Precision lililotengenezwa California mwanzoni mwa miaka ya 1960 huuzwa leo kwa maelfu ya dola, bei inayotosha kununua mapya kadhaa. Wanaolitafuta husema mbao zimekauka vizuri na sauti imekomaa. Yamo ya kweli katika maneno hayo, ila kwa maoni yangu pesa hiyo hulipia uadimu kuliko sauti. Mtazame James Jamerson, mpiga besi wa studio ya Motown mjini Detroit. Precision yake ya mwaka 1962 imo katika nyimbo zinazopigwa mpaka leo, na alipozirekodi gitaa lenyewe lilikuwa bado jipya au la miaka michache tu. Mdundo ule mzito, mfupi, usio na ukali wa chuma, ulitoka kwingine: nyuzi nene zenye uso bapa ambazo hakuwa na desturi ya kuzibadilisha, sponji iliyozibana karibu na daraja, na kidole kimoja cha shahada. Sponji haijawahi kuwa adimu.

Mpenzi wa vya kale atasema: lishike kwanza, ndipo ubishe. Kwa upande wa shingo ana haki, maana viganja vya miaka mingi huilainisha kwa namna ambayo kiwanda huiga kwa shida. Hata koili za pikapu wakati huo zilisukwa waya ukiongozwa kwa mkono, kwa hiyo hazikufanana. Lakini kutofanana huko kulizaa mazuri na mabaya pia. Mabaya mengi yameshafunguliwa vipuri au kutupwa. Tunapima yaliyosalia, kisha tunawasifu mafundi wa zamani kwa jumla. Soko nalo lina vituko vyake: kwa kuwa kampuni iliuzwa kwa CBS mwaka 1965, gitaa la kabla ya hapo hupandishwa bei hata kama lililofuata lilitoka kwa mafundi walewale.

Kwa mwanamuziki wa kazi, usumbufu ni mwingi. Jazz Bass ya kale, aina nyingine ya besi ya Fender, huvuma ukipunguza sauti ya pikapu moja. Shingo ikipinda, nati ya nondo iliyomo ndani iko upande wa kiwiliwili, hivyo fundi hulegeza nyuzi na kufungua skrubu za shingo kila anapoirekebisha. Nyuzi ni nne, zinazokomea mitetemo 41 kwa sekunde, ilhali muziki mwingi wa sasa unadai wa tano unaoshuka hadi 31 hivi. Magitaa mengi ya kale yana ubao wa vidole wa mti wa Brazili, wa jamii moja na mpingo wetu, unaodhibitiwa vikali kimataifa tangu 1992. Kuvuka nao mpaka kunaweza kudai kibali. Ukilipaka rangi upya, thamani inaporomoka. Mpiga besi Jaco Pastorius alipiga Jazz Bass ya 1962 iliyong'olewa freti zote na kupakwa epoksi shingoni. Mnunuzi wa leo wa gitaa la mwaka huo huogopa hata kugusa skrubu.