Chui wa Tingatinga alivyomfungua mdomo mpwa wangu

Jamani, wengi wetu tunadhani mtoto wa chekechea na sanaa ya uchoraji ni kumpa karatasi na kalamu za rangi, basi, mtu mzima unarudi kwenye simu yako. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Sasa ngoja niwape mkanda mzima.

Dada yangu alimleta mwanawe Dar kutoka Tunduru, alikokuwa akilelewa na bibi yake. Mtoto ana miaka mitano. Kaanza chekechea, mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya. Akiulizwa jina, anatazama viatu. Mwalimu akamwita dada, akamwambia, "Mama, mwanao mzito huyu, umlete tena mwakani." Dada alirudi nyumbani analia. Majirani nao hawakukosa la kusema: huyu kasema mtoto kalogwa, yule kasema kadekezwa.

Mimi shughuli zangu ni maigizo. Jumamosi moja nikawakusanya watoto wa nyumba yetu uani, kama wanane hivi, ili na mpwa wangu achangamke kidogo. Nikatoa ukutani picha yangu ya Tingatinga: chui mmoja, macho ya mviringo kama sahani, madoa mwili mzima.

Nikaanza na mkwara wa kiualimu. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, naye mtu wa Tunduru, alianza kuchora picha za namna hii hapa Dar mwaka 1968. Alitumia rangi za mafuta kama zile za kupaka baiskeli, akichora juu ya vipande vya hadibodi. Wewe msomaji nakuongezea ambalo watoto sikuwaambia: alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, akawaachia kazi wanafunzi wake, na mpaka leo wachoraji wapo Oysterbay wanaiendeleza.

Kufika hapo, mmoja anapiga miayo, wawili wanagombea kifuniko cha ndoo. Nikauliza, "Hiki nini?" Wote kwa sauti moja, "Chuiii!" Basi, kwao habari imekwisha. Picha nzima wameimaliza kwa sekunde mbili!

Ndipo nikakumbuka kazi yangu mwenyewe. Nikasema, "Sasa nani anaweza kuwa huyu chui? Asimame vile vile alivyo, asitikisike." Looh! Uani kukajaa chui. Huyu ananguruma, yule kapanda juu ya ndoo. Nikawaambia, "Rudini mkamtazame. Miguu kaiweka wapi? Mkia je?" Wakakimbilia picha, wakaanza kubishana kuhusu mkia. Watu wale wale waliokuwa wanapiga miayo!

Mpwa wangu alikuwa pembeni, karibu na karo. Nikamwona anapiga magoti taratibu, anaweka viganja chini, halafu anageuza shingo nyuma kabisa. Nikatazama picha. Kweli bwana, chui amegeuka nyuma! Picha ina miaka ukutani kwangu, wala sikuwahi kulitilia maanani jambo hilo.

Nikachukua khanga, nikajitanda, nikawa twiga mzee mpita njia. Nikamuuliza, "Hodi, mheshimiwa chui. Unamwangalia nani huko nyuma?"

Kimya. Wenzake nao wakanyamaza. Halafu kasauti kadogo kakatoka, "Bibi yangu. Amebaki. Hayupo kwenye picha."

Wacha wee! Twiga mzima nilishindwa kujibu.

Nikampa karatasi na rangi. Akamchora chui mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, kila doa akalipiga kwa ncha ya kidole. Akasema tuiegemeze ukutani upande wa nyuma wa yule wa Tingatinga, ili waonane. Jioni dada akampigia bibi simu Tunduru, na mtoto akaongea mpaka salio likakata.

Msomaji wangu, sikudanganyi kwamba Jumatatu alikwenda shule akahutubia. Hapana. Ila alibeba ile karatasi, na mwalimu alipouliza huyu nani, alijibiwa. Habari ya kusubiri mwakani haikutajwa tena.

Kama una mtoto nyumbani, jaribu. Picha moja tu inatosha. Iwe ya Tingatinga, ya kwenye kalenda au hata kinyago cha Mmakonde. Kwanza mwache atazame. Kisha mwili wake uwe ile picha, maana hawezi kuuigiza mkia asioutazama. Halafu mpe sauti: huyu anasema nini, katoka wapi, anakwenda wapi? Wewe nawe ingia mchezoni. Mtoto anamwambia twiga mambo asiyomwambia anko. Rangi zije mwisho, akiwa tayari na la kuchora. Akichoka, acheni, hata kama ni dakika kumi tu. Na tafadhali, usimwambie kakosea. Hapo hakuna mtihani.

Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Lakini kumkunja si lazima fimbo, wakati mwingine ni wewe mtu mzima kupiga magoti uani, suruali ichafuke, majirani wacheke.

Mimi yangu haikutakata mpaka leo. Tukutane wiki ijayo.