Krimu Baridi na Matunda: Chakula cha Mgonjwa Mwenye Vidonda vya Kinywa

Mgonjwa anayepata tiba ya mionzi ya kichwa na shingo, au dawa kali za saratani, huweza kufikia siku ambayo hata uji wa vuguvugu humchoma. Utando wa ndani ya kinywa huchubuka, mate hukauka, na ladha hubadilika. Ndugu hupika, mgonjwa hukataa, uzito hushuka. Kushuka huko si jambo dogo: mwili uliodhoofika huchelewa kuponya vidonda, hushambuliwa kwa urahisi na maambukizi, na wakati mwingine hulazimu tiba isimamishwe kwa muda.

Chakula kimoja kinachoweza kumfaa mgonjwa huyu ni krimu iliyogandishwa kwa baridi, ambayo Waitaliano wa jimbo la Piemonte huiita panna cotta, yaani krimu iliyopikwa. Ni laini, haihitaji kutafunwa, na ubaridi wake hutuliza maumivu. Kwa kuwa haitoi harufu kali, humsaidia pia mwenye kichefuchefu. Zaidi ya hayo, gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au protini hutoa 4. Hivyo vijiko vichache hubeba nguvu nyingi.

Namna ya kuandaa

Mahitaji ni krimu nzito mililita 250, maziwa mililita 250, sukari vijiko 3 vya chakula, na jelatini ya unga gramu 7.

Nyunyiza jelatini juu ya vijiko 3 vya maji baridi, uiache dakika 5 ivimbe. Pasha krimu, maziwa na sukari hadi mvuke uanze kutoka, kisha epua. Tia jelatini na ukoroge mpaka iyeyuke kabisa. Mimina katika vikombe 5 vidogo, acha vipoe, vifunike, na uviweke ndani ya jokofu kwa saa 6. Kila kikombe kitakuwa na takriban kilokalori 230.

Jelatini hutokana na ng'ombe au nguruwe. Asiyekula nguruwe asome maelezo ya pakiti. Badala yake, waweza kutumia vijiko 4 vya chakula vya konflawa: ikoroge kwanza katika maziwa baridi kidogo, kisha uipike pamoja na vilivyobaki hadi mchanganyiko uwe mzito.

Matunda ya kuweka juu

Embe tamu lililoiva vema, papai na ndizi mbivu, vikikatwa vidogo au kupondwa, ndivyo vinavyofaa zaidi. Nanasi, chungwa na pasheni vina asidi inayochoma vidonda. Nanasi na papai visivyopikwa vina vimeng'enya vinavyovunja jelatini, kwa hiyo papai liwekwe wakati wa kula tu, la sivyo krimu itarudi kuwa maji. Osha tunda kwa maji safi kabla ya kulimenya, kwani kisu hubeba vijidudu kutoka ganda hadi ndani.

Tahadhari

Maziwa mabichi huweza kubeba vimelea vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Yachemshe kwanza, au tumia yaliyosindikwa. Krimu nayo iwe iliyosindikwa. Jokofu liwe na nyuzi joto 4 au chini yake. Kikombe kilichokaa nje kwa zaidi ya saa 2 kitupwe, na vilivyomo jokofuni viliwe ndani ya siku 2.

Anayepaliwa au kukohoa anapokunywa maji asipewe krimu ya jelatini kabla ya kupimwa uwezo wake wa kumeza. Jelatini huyeyuka kwa joto la kinywa na kuwa kimiminika chepesi, kinachoweza kuingia katika njia ya hewa na kuleta nimonia. Mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au lehemu nyingi apate kwanza ushauri wa daktari wake. Mwenye figo zilizoshindwa kazi aepuke ndizi, kwa sababu ya wingi wa potasiamu.

Kwa watoa huduma

Mpimeni mgonjwa uzito katika kila hudhurio. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, yaani zaidi ya kilo 3 kwa mwenye kilo 60, apelekwe kwa mtaalamu wa lishe bila kusubiri. Chunguzeni kinywa: utando mweupe huweza kuwa fangasi, ambao wahitaji dawa. Dawa ya maumivu itolewe mapema, ili wakati wa kula uwe umekwisha kutulia.

Krimu hii haina protini ya kutosha, hivyo haichukui nafasi ya mlo. Mgonjwa apewe pia mayai laini, samaki aliyepondwa au maharage yaliyochujwa. Kikombe kimoja kati ya mlo na mlo, kikiliwa polepole kwa kijiko kidogo, chatosha kwa kuanzia.