Jumba la Sadaka Ambalo Mpokeaji Ndiye Mwenyeji

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, wala si utajiri. Neno hilo humwelekea mwenye kutoa. Lakini mwenye kupewa naye ana moyo wake, na mara nyingi kile alichopewa bure hukilipia kwa heshima yake. Jambo hili huwa zito zaidi pale nyumba ya sadaka inapokuwa kongwe na mashuhuri, na wageni wakataka kuja kuitazama. Je, watatazama kuta, au watawatazama mafukara waliomo ndani?

Katika mtaa wa Smithfield, jijini London, liko jumba liitwalo Charterhouse. Humo wanaishi wazee zaidi ya 40, wote wamepita miaka 60, ambao hawana uwezo wa kutosha wa kujikimu peke yao. Wanapewa makao, chakula na matunzo, na tangu zamani wanaitwa Ndugu. Kwa karne nyingi watu wa nje waliliona lango tu. Mnamo Januari 2017 jumba likafunguliwa kwa umma, likawa na chumba cha maonyesho na matembezi ya kulipia. Na katika matembezi hayo wako wanaoongozwa na Ndugu wenyewe. Mzee aliyepewa hifadhi ndiye anayemkaribisha mgeni na kumsimulia habari za nyumba yake.

Masimulizi hayo huanza na msiba. Mwaka 1348 tauni iliingia London, na uwanja huu ukafanywa makaburi ya waliokufa. Mnamo 2013 wachimbaji wa njia ya reli waliikuta mifupa 25 ya watu hapo, na wataalamu wakapata ndani yake athari za vijidudu vya tauni. Mwaka 1371 Sir Walter de Manny alianzisha hapo nyumba ya watawa wa Kikristo waliokuwa wakiishi kwa upweke na kimya. Mpaka leo mgeni huonyeshwa mlango wa chumba kimoja cha mtawa, na kando yake kijidirisha cha kupitishia chakula, ili mwenye kula asisumbuliwe katika ibada yake. Sisi tuliofundishwa kuwa sadaka bora ni ile ya siri hatushindwi kuielewa maana ya kijidirisha hicho.

Mfalme Henry wa Nane alipojitangaza mkuu wa kanisa la Uingereza, watawa walikataa kumkubali. Kiongozi wao, John Houghton, aliuawa mwaka 1535, na mnamo 1537 nyumba ikatwaliwa. Mabwana wakubwa wakaigeuza kuwa kasri. Malkia Elizabeth wa Kwanza alikaa humo mwaka 1558, alipokuja London kushika ufalme.

Ndipo akaja Thomas Sutton, mtu asiyekuwa na cheo cha ukoo wa kifalme, lakini tajiri mno. Fedha yake ilitoka katika makaa ya mawe ya Durham na katika kukopesha kwa riba. Kwa upande huo wa riba sisi hatuna la kumuiga. Lakini mwaka 1611 alilinunua kasri hilo kwa pauni 13,000, akaweka mali yake iwe ya kulisha wazee 80 na kusomesha wavulana 40. Kabla mwaka haujaisha, akafariki dunia.

Msomaji wa pwani atakisia yaliyofuata. Mpwa wa marehemu alikwenda mahakamani, akidai kwamba mpango ule haukuwa halali na kwamba urithi ni wake. Watekelezaji wa wasia nao walitoa pauni 10,000 kwa Mfalme James, zisaidie ujenzi wa daraja la Berwick. Mwaka 1612 majaji waliamua kwamba taasisi ya Sutton imesimama kisheria na mali ni yake. Kesi hiyo ikawa mashuhuri katika sheria za Kiingereza.

Sutton hakulijua neno wakfu, lakini alichokifanya kina sura tunayoijua: asili ya mali ibaki, wasimamizi waiangalie, na manufaa yake yawafikie waliokusudiwa. Mali yenye kuzalisha ndiyo inayolisha. Nyumba peke yake, hata ikiwa nzuri namna gani, huanguka. Shule ilihamia Surrey mwaka 1872. Usiku wa tarehe 10 Mei 1941 mabomu ya vita yaliliunguza jumba, nalo likajengwa upya. Shabaha ya kuwatunza wazee haikubadilika.

La kuangaliwa zaidi ni namna walengwa walivyotajwa hapo mwanzo. Kanuni za kale zilitaja manahodha waliozeeka, askari waliolemaa, wafanyabiashara waliofilisika, waliovunjikiwa na chombo baharini, waliounguliwa na mali zao, hata waliowahi kuwa mateka wa Waturuki. Hao ni watu waliokuwa na kazi na majina, kisha dunia ikawageuka. Mwana wa pwani, ambaye babu zake walikwenda na pepo za kusi na kaskazi, anajua kuwa jahazi moja likizama, tajiri wa jana huwa mhitaji wa leo.

Kwa hiyo mzee anayewatembeza wageni si kitu cha kuonyeshwa. Yeye huchagua la kueleza na la kunyamazia. Hupita na wageni katika ukumbi mkuu, ambamo Ndugu wangali wakila pamoja, na katika kanisa lenye kaburi la Sutton. Vyumba vya faragha vya wazee si maonyesho. Mgeni huondoka amepata elimu, na mwenyeji hubaki na sitara yake.

Tangu mwaka 2018 wanawake nao wanapokewa, na wao pia huitwa Ndugu. Katika Kiingereza jina hilo ni la kiume, kwa hiyo liliwapa watu la kusema. Kwetu lisingeleta taabu yoyote, kwani Kiswahili hakibagui: ndugu ni mume, na ndugu ni mke.

Wenye kuweka wakfu na wenye kuusimamia hupenda kuhesabu nyumba, mashamba na kodi, na hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa katika daftari: yule mzee aliyepewa chumba, mgeni akibisha hodi, je, ana haki ya kujibu "karibu"?